Unapohamisha Samaki, Chujio Lao Lisibaki Nyuma

Samaki wangu wa dhahabu walikuwa watano kwenye tangi la lita 60, na kila mwezi nafasi ilizidi kuwabana. Nikanunua tangi la lita 200. Nikalisugua likang'aa, nikachukua sponji ya chujio la zamani nikaiosha kwa maji ya bomba mpaka ikawa kama mpya, nikajaza maji na kuwahamisha siku hiyohiyo. Siku ya kwanza walizunguka kwa furaha. Siku ya tatu alfajiri nikawakuta wote juu, midomo ikitafuta hewa, matamvua yakienda mbio, mmoja amelala ubavu kwenye kona. Wawili walikufa wiki ile. Bado inaniuma, maana yote yale niliyafanya kwa kuwapenda.

Kilichowaua ni amonia. Samaki huitoa mwilini kupitia matamvua muda wote, na kinyesi pamoja na mabaki ya chakula vikioza huongeza nyingine. Kwenye tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina ukali huo na hupungua ukibadilisha maji. Sasa, bakteria hawa hawaishi kwa wingi ndani ya maji. Wanang'ang'ania sehemu ngumu: changarawe, kuta za kioo, na zaidi ya kote, sponji ya chujio. Ule utelezi wa kahawia uliokuwa ukinikera ndio yalikuwa makazi yao. Nami niliupitishia klorini, ambayo huwekwa kwenye maji ya bomba makusudi ili iue vijidudu.

Ndiyo maana mtu akiniuliza abebe ndoo ngapi za maji ya zamani, namwambia ahangaikie chujio kwanza. Ukiwa na muda, washa chujio jipya ndani ya tangi la zamani, lifanye kazi sambamba na la zamani kwa wiki 4 hadi 6, bakteria wahamie wenyewe. Ukiwa huna muda au nafasi, siku ya kuhama lipeleke chujio la zamani lilivyo kwenye tangi kubwa, likae pamoja na jipya kwa wiki hizohizo. Usilioshe siku hiyo. Wakati mwingine wowote sponji ikiziba, ikamue kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa kwenye tangi lenyewe, basi. Na isikauke: inapongoja, iwe ndani ya maji ya tangi na pampu ya hewa ikipuliza, kwa sababu bakteria hawa wanahitaji oksijeni kama samaki wenyewe.

Wengi huogopa kwamba tangi kubwa litahitaji bakteria wengi zaidi. Hapana. Idadi yao hufuata uchafu, na samaki walewale wanaokula kilekile hutoa uchafu uleule. Shida huanza unapoona nafasi imepatikana ukaongeza samaki wapya wiki hiyohiyo. Tafadhali subiri.

Kuhusu maji mapya, klorini hutoka yenyewe maji yakikaa wazi kama saa 24 huku yakipulizwa hewa. Lakini sehemu nyingine maji hutiwa kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, na hiyo haitoki kwa kusubiri. Mimi natumia dawa ya kuondoa klorini kila mara, hata pale ninapodhani haihitajiki. Joto la matangi mawili lisipishane kwa zaidi ya digrii moja au mbili.

Tangi ambalo halijabadilishwa maji kwa muda mrefu lina hatari yake. Tindikali hupanda polepole, nitrati hurundikana, na samaki huzoea. Ukimtoa humo ghafla ukamtia kwenye maji safi, mwili unashtuka, na ikiwa kuna amonia iliyojificha, sumu yake huzidi kadiri tindikali inavyopungua. Kwa hiyo anza wiki mbili au tatu kabla, badilisha maji kidogokidogo kwenye tangi la zamani, asilimia 10 hadi 20 kila mara, mpaka yafanane na yale watakayohamia.

Stendi iwe imara na imenyooka. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 200 linafika kilo 200 kabla hujahesabu kioo na changarawe. Lijaze uliache siku nzima uone kama linavuja. Na tangi lenye maji halibebwi kamwe.

Siku yenyewe, samaki wawe hawajala tangu jana yake. Zima hita na uiache ipoe kabla hujapunguza maji, la sivyo kioo chake hupasuka kikikutana na hewa. Toa mawe na mimea, punguza maji mpaka yabaki theluthi, halafu usiwakimbize na wavu. Wavu unakwangua ute unaomkinga samaki na maradhi, na unachana mapezi marefu. Mimi huzamisha bakuli upande mmoja, nikaweka kiganja nyuma ya samaki bila kumgusa, nikangoja. Huingia mwenyewe, taratibu, na hunyanyuliwa pamoja na maji yake. Kisha nawatia kwenye ndoo yenye mfuniko, na mpira mwembamba wa hewa uliofungwa fundo ukiwadondoshea humo maji ya tangi jipya, matone mawili hadi manne kwa sekunde, wayazoee. Nikipata kama saa moja ya hivyo, nawavusha. Maji ya ndoo namwaga nje.

Funika tangi, maana samaki mgeni huruka. Taa zikae zimezimwa mpaka kesho, chakula kidogo sana siku ya pili, na upime amonia na nitriti kila siku kwa wiki mbili. Kimojawapo kikipanda juu ya sifuri, badilisha theluthi ya maji siku hiyohiyo, usingoje kuona dalili.

Wale watatu waliobaki nilikuja kuwahamisha tena, safari hii kwenye lita 300, na sponji yao chafu vilevile ilivyokuwa. Siku ya tatu niliamka kabla hakujakucha nikachota maji kwenye kichupa cha kipimo. Kipimo changu hugeuka kijani amonia ikiwepo. Nilikaa nacho mkononi dakika zote tano, nikakisogeza kwenye karatasi nyeupe karibu na taa. Kilikuwa njano. Chini kabisa, mmoja wao alikuwa akichokora changarawe.