Hitchcock alitumia uchawi gani?

SWALI: Asalaam aleikum mhariri, mie wa Likoni. Juzi kwa kina ami tumeangalia Psycho ya 1960 kwenye laptopu, na mie niliyezoea filamu za magari kulipuka wallahi nilishika mto nikaung'ata. Na haina hata rangi! Huyu mwongozaji wake, Alfred Hitchcock, alikuwa na siri gani?

JIBU: Waleikum salaam ndugu yangu. Hesabu tu. Mwenyewe alieleza, watu wako mezani wapiga soga, bomu likilipuka ghafla washtuka sekunde chache basi, lakini ukioneshwa mapema bomu liko chini ya meza na saa yaenda na wao bado waongea upuzi, utataka kuwapigia ukelele watoke. Ni kama umuone mtoto akichezea karibu na karai la viazi, mamake kageuka anahesabu chenji. Roho juu!

Ile sehemu ya bafuni, mwanamke anapodungwa kisu akioga, ilipigwa kwa siku 7, damu ni sharubati ya chokoleti (ndio raha ya filamu isiyo na rangi hiyo), na zile fidla zinazolia kama paka aliyekanyagwa ni kazi ya mtunzi wa muziki Bernard Herrmann, ambaye Hitchcock mwanzo alimwambia pale hataki muziki kabisa. Bahati alibadili nia.

Na tuzo ya Oscar ya mwongozaji bora hakupata, alitajwa mara 5 akarudi mikono mitupu, mie hilo laniudhi hadi leo.

Sasa tafuta Rear Window ya 1954, jamaa kavunjika mguu kazi yake kuchungulia majirani dirishani. Wa Mji wa Kale mtajijua humo.