Dola zilizobaki kwa mbadilishaji, noti za zamani na fedha za safari ya Umra

SWALI: Assalamu alaykum, sheikh wetu. Mimi ni mfanyabiashara wa mbao hapa Mafinga na, Mwenyezi Mungu akipenda, mwezi ujao ninakwenda Umra pamoja na mama yangu. Wiki iliyopita nilimpa mbadilishaji fedha mmoja mjini Mbeya shilingi 5,000,000 kwa makubaliano ya dola 2,000. Alinihesabia dola 1,200, akaniambia nizifuate 800 zilizobaki keshokutwa, kwa kuwa dola zake huzipata Tunduma. Pia ninazo dola 300 za noti za miaka ya 1990, naye yuko tayari kuzichukua na kunipa dola 270 mpya. Majirani wawili nao wamenikabidhi shilingi niwabadilishie riyali, niwanunulie vitu Makka. Je, nimeingia katika riba? Na fedha zote hizi nizibebe vipi nikiwa katika ihramu, yaani nikiwa nimeshaingia katika ibada yenyewe?

JIBU: Wa alaykumu salaam wa rahmatullah. Allah akutakabalie wewe na mama. Naanza na zile dola 800, kwa sababu ndipo wasafiri wengi wa huku kwetu wanapoteleza bila kujua.

Kubadilisha fedha kwa fedha ni biashara, lakini ni biashara iliyowekewa sharti ambalo mbao zako hazina. Mbao unaweza kumuuzia mtu leo, naye akakulipa mwisho wa mwezi. Shilingi na dola haziuzwi hivyo. Katika hadithi ya Ubada bin Samit, aliyoipokea Imamu Muslim, Mtume, rehema na amani zimshukie, alitaja dhahabu, fedha (yaani ile madini), ngano, shayiri, tende na chumvi, akaamuru kwamba vya aina moja vibadilishwe sawa kwa sawa na mkono kwa mkono, na aina zikitofautiana watu wauze watakavyo, maadamu ni mkono kwa mkono. Noti za leo, ingawa ni karatasi, zimechukua nafasi ya dhahabu na fedha, na ndivyo lilivyoamua Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Amman mwezi Oktoba 1986. Shilingi ni aina moja na dola ni aina nyingine, kwa hiyo bei ni maelewano yenu, ila kukabidhiana hakungoji keshokutwa.

Kisa chako kinafanana sana na kilichompata Malik bin Aws, ambaye alikuwa na dinari 100 za dhahabu akitafuta wa kumbadilishia. Talha bin Ubaydullah akamwita, wakapatana bei, Talha akaichukua ile dhahabu akawa anaigeuzageuza mkononi, kisha akasema: subiri mpaka mtunza hazina wangu arudi kutoka Ghaba, mahali karibu na Madina. Umar bin Khattab alikuwa akisikia. Akamwapia Malik kwamba asiachane na Talha mpaka apokee chake, na akawasomea maneno ya Mtume kwamba dhahabu kwa fedha ni riba isipokuwa nipe nikupe. Talha ni katika masahaba kumi waliobashiriwa Pepo, wala hakuna aliyemdhania dhuluma. Basi usiniambie kwamba mbadilishaji wako ni mwaminifu na mnajuana miaka mingi, kwa kuwa katazo halikujengwa juu ya kutoaminiana.

Kwa kuwa mlikwisha kuachana, hukumu yenu ni hii: mauzo yamesihi katika zile dola 1,200 ulizopokea, ambazo kwa bei mliyopatana ya 2,500 ni sawa na shilingi 3,000,000. Zile 2,000,000 zilizobaki hazijanunua kitu; ni shilingi zako zilizo mikononi mwa mtu. Mwendee, umwambie hivyo waziwazi. Akikurudishia shilingi zako, yamekwisha. Akiwa na dola siku hiyo, fungeni mauzo mapya kwa bei ya siku hiyo hiyo, iwe imepanda au imeshuka, na usiondoke dukani pasipo dola zako. Hapa ndipo pagumu, kwa maana dola ikiwa imepanda utaona umepunjwa, na ikiwa imeshuka yeye ndiye atakayenung'unika, lakini kushikilia bei ya wiki iliyopita ndiko hasa kulikokatazwa.

Siku nyingine, ukihofia kwamba dola zitakwisha, mpigie simu akuwekee. Ahadi si mauzo, na Imamu Shafii, ambaye wengi wetu tunamfuata katika nchi hii, hakuona ubaya watu wawili wakiahidiana kubadilishana fedha, mradi mkataba wenyewe usubiri siku ya kukabidhiana. Ila usitangulize hela. Ukimlipa kwa simu ukiwa umesimama mbele yake, ujumbe ukaingia kwake papo hapo naye akakuhesabia noti, hapo mmekabidhiana. Vivyo hivyo benki ikikata shilingi katika akaunti yako na kuingiza dola katika akaunti yako nyingine, kwani Baraza hilohilo lilikubali mwaka 1990 kwamba kuingiziwa katika akaunti ni kupokea.

Sasa zile dola 300 za zamani. Hiyo ni riba bila shaka yoyote, usiifanye. Dola kwa dola ni aina moja, na aina moja haizidishwi wala haipunguzwi, hata kama noti moja imechakaa na nyingine inang'aa. Najua biashara hii imezoeleka, na najua pia kwamba maduka mengi ya kubadilishia fedha huzikataa noti kuukuu au huzipa bei ndogo. Mtume alipoletewa tende nzuri za Khaibar aliuliza kama tende zote za huko ni hivyo. Akajibiwa kwamba hapana, wao hutoa pishi mbili za tende duni wakapata moja ya hizi nzuri. Akawakataza, akawaelekeza wauze zile duni kwa dirhamu, kisha kwa dirhamu hizo wanunue nzuri. Nawe fanya hivyo: ziuze dola zako kuukuu kwa shilingi, kwa bei yoyote mtakayokubaliana hata ikiwa chini, zipokee shilingi, zihesabu, ziwe zako kabisa. Kisha nunua dola mpya popote upendapo, na ukienda duka jingine itakuwa salama zaidi. Kwa hukumu hiyohiyo, wale wanaochukua noti ya 10,000 stendi na kurudisha chenji ya 9,500, nao wanakula riba, ingawa hakuna anayewauliza.

Kuhusu majirani, wewe ni wakala wao. Bei uliyoipata ndiyo yao, na tofauti si yako, ila kama mlipatana ujira tangu mwanzo. Andika shilingi za kila mmoja na riyali zilizopatikana. Riyali imefungwa kwa dola tangu mwaka 1986, riyali 3.75 kwa dola moja, hivyo ukibeba dola utaweza kupima mwenyewe kama duka la Makka linakupunja. Fedha hizo zikiibwa pasipo uzembe wako hulipi. Lakini mtu akiziacha ndani ya begi lililo kwenye buti la basi, kutoka Mafinga mpaka Dar es Salaam, sioni atawaambia nini wenyewe.

Ukiwa katika ihramu, vaa mkanda wa fedha kiunoni bila wasiwasi, hata kama mkanda huo umeshonwa. Bibi Aisha aliulizwa juu ya mkoba wa aina hiyo kwa aliyehirimia, naye hakuona ubaya, kwa kuwa mtu anahifadhi masurufu yake. Mgawie na mama sehemu, msiweke zote mahali pamoja. Kadi ya benki inayokata katika akiba yako nayo inafaa kule, na ada ya kutolea fedha ni ujira wa huduma; inayokatazwa ni kadi ya mkopo inayokutoza nyongeza kwa kuchelewa kulipa.

Zikifika dola 10,000, sheria ya nchi yetu inakutaka uzitangaze mpakani au uwanja wa ndege, na Saudi Arabia nayo ina kiwango chake, riyali 60,000. Najua wapo wanaozigawa kwa wenzao kwenye foleni ili kila mmoja awe chini ya kiwango, kisha wanazikusanya upande wa pili. Huo ni uongo, tena wanaousema wamo njiani kwenda kuhirimia.

Riyali zitakazobaki ukirudi nazo zibadilishe kwa sharti lilelile la mkono kwa mkono. Ukiziweka kwa safari ya mwakani, zihesabu pamoja na mali yako nyingine siku ya zaka, kwa bei ya shilingi ya siku hiyo.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.