Ndoa ya Mtoto Huonekana Kabla ya Kufungwa: Ushauri Kutoka Malindi

Ndoa ya mtoto haifungwi kwa siku moja. Kabla ya siku hiyo huwa kuna wiki kadhaa, na mara nyingi miezi, ambapo binti ameanza kukosekana darasani, wageni wasiojulikana wamekuja jioni na kukaribishwa ndani, deni la baba dukani limelipwa na mtu asiye wa ukoo, na mama ameanza kujibu kwa mkato akiulizwa habari za mwanawe. Mwalimu ameona jambo moja, jirani ameona jingine, mwenye duka anajua la kwake, na kijana wa bodaboda aliyewabeba wageni anajua walikotoka. Kila mmoja ameshika kipande chake na kukaa nacho kimya. Katika miaka niliyojitolea kwenye kazi ya kulinda watoto hapa Malindi na vijiji vya bara yake, hili ndilo pengo kubwa kuliko yote niliyoyaona, na ndilo linalonifanya niwaandikie wazazi wenzangu, walimu na wazee wa mitaa.

Sheria tunayo. Ibara ya 53 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya mila zenye madhara, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inapiga marufuku kumwoza mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, awe wa kabila au dini yoyote. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba sheria hiyo haihesabu harusi peke yake. Kuishi na mtoto kinyumba kunahesabiwa, na mipango ya kumwoza inahesabiwa pia. Maana yake ni kwamba posa ikishapokelewa, jambo limekwisha kuingia mikononi mwa sheria, na afisa wa watoto anaweza kuchukua hatua hata kama hakuna nguo iliyoshonwa wala siku iliyopangwa. Nimewasikia watu wazima wenye nia njema wakisema, "Tungoje kwanza tuone kama ni kweli." Hakuna haja ya kungoja, kwa sababu mtoto aliye katika hatari ya kuozwa tayari anatambuliwa na sheria kuwa mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi. Na kwa yule mwanamume anayedhani kwamba mahari humfanya kuwa salama, Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 imeweka kifungo kisichopungua miaka 20 kwa anayemnajisi mtoto wa miaka 12 hadi 15, na kisichopungua miaka 15 ikiwa mtoto ana miaka 16 au 17.

Kwa hiyo tuanze na mahali ambapo ishara huonekana mapema zaidi, yaani shuleni. Mwalimu mmoja wa shule iliyo upande wa Marafa aliwahi kunionyesha rejista yake ya Gredi ya 8. Mstari wa binti mmoja ulikuwa umejaa alama za kuhudhuria tangu Januari, kisha zikaanza nafasi tupu za siku moja moja, kisha wiki nzima, na mwisho pambizoni pakaandikwa kwa kalamu neno moja tu: "Amehama." Hapakuwa na barua ya uhamisho wala jina la shule aliyohamia. Nyumbani mwalimu alikuwa ameambiwa kwamba msichana ameenda kwa shangazi yake Mombasa. Nawasihi walimu wa darasa wasiliandike neno hilo kabla ya kujua mtoto amehamia wapi. Ulizeni jina la shule, pigeni simu huko, na mkikosa jibu la kueleweka ndani ya siku chache mpelekeni habari mwalimu mkuu na afisa wa watoto. Mtoto aliyehama kweli huacha nyayo za karatasi, na mtoto aliyeozwa huacha maelezo ya mdomo tu.

Binti huyo hakuwa Mombasa. Alikuwa kijijini kwao, amefichwa nyumba ya tatu kutoka kwa baba yake, akingojea kupelekwa kwa mwanamume mwenye wake wengine. Mwalimu alipotoa taarifa, jambo lilisimamishwa, na kwa siku chache kila mtu aliamini kwamba kazi imekwisha.

Kutoa taarifa kwenyewe kuna namna yake. Watu wengi husema, "Nilimwambia mzee wa kijiji," na kwao huo ndio mwisho wa wajibu. Neno lililosemwa njiani halifuatiliki. Nambari 116 ni ya bure, hupokea simu za watoto na za watu wazima wenye habari za watoto, na anayepiga hadaiwi chochote. Ukienda polisi, omba dawati la jinsia, na usiondoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio ambamo taarifa yako imeandikwa. Ukienda ofisi ya watoto, andika kwenye daftari lako jina la aliyekupokea, tarehe, na alichoahidi kufanya, kisha urudi tarehe hiyo aliyoitaja. Chifu na naibu wake wana nafasi kubwa, na wapo ambao wamewaokoa watoto wengi, lakini chifu akiwa na udugu na upande mmoja huna sababu ya kusimama mlangoni pake. Pita, nenda mbele. Hofu ya kuonekana mchongezi ni ya kweli katika vijiji ambako sote ni ndugu, na ndiyo maana nasisitiza kwamba anayetoa taarifa ana haki ya kuomba jina lake lisitajwe.

Kuna desturi nyingine inayoangusha mashauri mengi, nayo ni ya kuyamaliza nyumbani. Wazee huketi, mnazi ukanywewa, familia mbili zikapatana faini, na msichana akabaki kuwa kitu kilichozungumziwa bila yeye kuulizwa. Siwadharau wazee wetu. Katika ugomvi wa mipaka ya shamba na wa mirathi wamefanya kazi ambayo mahakama isingeifanya kwa subira ile. Hata hivyo, kosa la jinai dhidi ya mtoto si mali ya familia hata familia ipatane juu yake, na kila mara nilipoona limepatanwa, aliyelipwa ni baba na aliyelipa ni binti.

Hapo ndipo ninaporudi kwa yule msichana wa Gredi ya 8, kwa sababu yaliyotokea baada ya kuokolewa kwake yalinifunza zaidi kuliko kuokolewa kwenyewe. Baba yake alitia sahihi karatasi ya kuahidi kwamba hatamwoza, na kwa kuwa hapakuwa na nyumba salama karibu, ofisi iliyohusika ikamrudisha mtoto katika boma lile lile siku iliyofuata. Hakuna aliyeuliza habari za mahari. Sehemu kubwa ya fedha ilikuwa imekwisha kuliwa, imelipia matibabu ya kaka yake, na upande wa mwanamume ukaja kudai ama mke ama fedha. Msichana akawa anaishi ndani ya deni, akitazamwa na kila mtu nyumbani kama aliyewaletea balaa. Nilipomkuta alinitazama akaniambia, "Shangazi, walikuja kunitoa, lakini hakuna aliyeniuliza nataka kulala wapi."

Swali hilo lilipaswa kuwa la kwanza. Kabla mtoto hajaondolewa mikononi mwa wanaotaka kumwoza, wale wanaomwondoa wakubaliane atalala wapi usiku ule, nani atampikia, nani atampeleka shule wiki ijayo, na nani atamtembelea mwezi ujao. Mara nyingi jibu lipo ndani ya ukoo wenyewe, kwa bibi mzaa mama, kwa mjomba aliyeikataa posa tangu mwanzo, kwa shangazi aliyeolewa mbali. Afisa wa watoto ana mamlaka ya kumchunguza mtu huyo na kuomba amri ya mahakama ili mtoto akabidhiwe kwake kisheria, jambo linalomzuia baba kuja kumchukua kwa nguvu. Msichana huyu sasa anaishi kwa bibi yake hapa Malindi na anasoma. Bibi huyo angeweza kutafutwa siku ya kwanza.

Na mahari ijadiliwe waziwazi. Hapa ndipo wazee wanapokuwa na kazi ya maana. Suala la jinai likiwa limekwisha kufika polisi, wao waitwe kuliondoa deni: wauambie upande wa mwanamume kwamba hakuna haki ya kudai kitu kilichotolewa ili kununua utoto wa mtu, na walisimamie neno hilo mbele ya koo zote mbili. Nimeona deni likizikwa kwa namna hiyo na nyumba ikatulia. Nimeona pia ahadi za maandishi zikivunjwa kabla wino haujakauka, kwa kuwa deni liliachwa hai.

Masheikh, mapadri na wachungaji ni walinzi wa mlango wa mwisho. Anayefungisha nikahi au kubariki ndoa aombe cheti cha kuzaliwa cha bibi harusi, akione kwa macho yake, na asikubali maelezo kwamba kimepotea. Wapo watoto wasio na cheti, hasa waliozaliwa nyumbani, na katika hali hiyo hospitali ya serikali inaweza kukadiria umri kwa uchunguzi wa meno na mifupa. Kijitabu cha kliniki na kumbukumbu za shule pia husaidia. Lakini ulinzi ulio bora ni ule unaoanza mapema: kila mzazi anayesoma haya na ambaye hajamwandikisha mtoto wake, binti au mvulana, afanye hivyo, kwa maana mtoto asiye na tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa anaweza kuongezewa miaka na yeyote anayeitaka.

Watu huniuliza kama kiini chake si umaskini tu. Umaskini umo, na mwaka ambao mvua imekosekana Magarini na Ganze posa huongezeka, sote tunajua. Hata hivyo, katika kijiji kimoja chenye ukame ule ule, familia moja huoza na jirani yake haiozi, na tofauti niliyoiona mara nyingi ni kama binti ana mahali pa kwenda Jumatatu asubuhi. Kwa sababu hiyo naogopa sana miezi ya mapumziko kati ya Gredi ya 9 na Gredi ya 10. Msichana amemaliza shule ya upili ya chini, matokeo hayajatoka au ameitwa shule ya bweni ambayo ada yake haipo, sare haijanunuliwa, na nyumbani anaonekana kuwa mtu aliyemaliza. Fomu za basari zichukuliwe mapema, kabla ya matokeo. Na kama bweni haliwezekani, aombewe nafasi katika shule ya kutwa iliyo karibu badala ya kukaa nyumbani akingojea fedha ambazo huenda zisipatikane.

Mimba nayo hugeuzwa kuwa sababu. Katika kaunti yetu ya Kilifi disko matanga, yaani muziki na ngoma za usiku penye msiba, limepigwa marufuku mara nyingi na bado hupigwa usiku, na msichana anayepata mimba huko huozwa haraka ili aibu ifunikwe. Mzazi, usimwoze. Mwongozo wa serikali wa mwaka 2020 kuhusu kurejea shuleni unamruhusu aendelee na masomo akiwa mjamzito na arudi baada ya kujifungua, na shule haina ruhusa ya kumfukuza. Ikiwa msichana amelazimishwa ngono, afikishwe hospitalini ndani ya saa 72 tangu tukio ili apate dawa za kuzuia virusi vya HIV, asiogeshwe wala nguo zake zisifuliwe kabla ya kuonwa na daktari, na fomu ya P3, ile ya polisi inayojazwa na daktari, ijazwe.

Yote haya hayawezi kubebwa na watu wa kujitolea peke yao. Idara ya huduma za watoto iko chini ya serikali kuu, na afya ya jamii iko chini ya kaunti, hivyo nyumba salama huangukia katikati, kila upande ukiutazama mwingine. Sisi wananchi tunaweza kulisukuma jambo hili mahali panapofaa. Kila kaunti inatakiwa kuwasilisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka katika bunge la kaunti ifikapo tarehe 1 Septemba, na kabla ya hapo wananchi hualikwa kutoa maoni. Vikao hivyo hujaa watu wanaoomba barabara na visima, na ni haki yao. Akina mama wa Ganda, Kakuyuni, Mambrui na Maweni, nendeni mkiwa kundi, mkaombe nyumba salama ya watoto Malindi, nauli ya wanaojitolea vijijini, na mafuta ya gari la afisa wa watoto, ambalo nimelijua likisimama wakati kijiji kinaita. Hoja iwe ya maandishi, isomwe mbele ya kikao na iingizwe katika kumbukumbu, na mwombe nakala iliyopigwa muhuri kabla ya kuondoka ukumbini.