Mwanangu ana sapu mbili, ndiyo kafeli udaktari?

*Habari za kazi, dokta. Mimi ni mkulima wa korosho hapa Tandahimba. Mwanangu yuko mwaka wa tatu wa udaktari Dar es Salaam. Juzi kanipigia kusema ana "sapu" mbili na likizo hii haji nyumbani. Kabla ya hapo, nikimpigia mchana hapokei, usiku ananiambia alikuwa wodini. Mimi nimempeleka akasome, si akauguze. Jirani yangu mtoto wake kasomea ualimu, miaka mitatu tu kavaa joho. Nauliza: wangu kafeli? Na huo udaktari unaisha lini?*
*Mzazi, Tandahimba*

Shikamoo mzee wangu. Nianze na la mwisho, maana ndilo linalogusa mfuko. Udaktari wa binadamu hapa kwetu ni miaka mitano chuoni, kisha mwaka mmoja wa mazoezi ya kazi hospitalini. Kwa hiyo mtoto wa jirani asikunyime usingizi, hawakupanda basi moja. Mwanao akivuka hizo sapu, imebaki misimu miwili ya korosho ya kulipia ada. Mwaka wa mazoezi analipwa posho yeye mwenyewe.

Sasa sapu. Ni mtihani wa marudio wa somo ambalo hakufikisha alama ya kufaulu. Anaukalia kabla mwaka mpya wa masomo haujaanza, na ndiyo maana haji nyumbani: likizo yake imeliwa na sapu. Akifaulu anaendelea na wenzake kama kawaida, ila mara nyingi hata ajibu vizuri namna gani, kwenye matokeo huandikiwa C, alama ya kuvukia tu. Akishindwa tena ndipo yanakuja maneno ambayo wanafunzi huyataja kwa sauti ya chini: kukeri, yaani kulibeba somo hadi mwaka unaofuata, kurudia mwaka, na kudisko, kuondolewa chuoni. Lipi linampata nani limeandikwa kwenye kanuni za chuo chake, na kanuni za vyuo hazifanani. Mwambie akusomee ukurasa huo kwenye simu. Wewe sikiliza anavyousoma, utajua kama ameshaupitia au ndiyo kwanza anauona.

Alama zenyewe zinapatikanaje? Katika vyuo vyetu vingi, kati ya alama 100 za somo, 40 hutokana na majaribio ya katikati ya muhula na 60 mtihani wa mwisho, ule wanaouita yu-ii. Mtu akilegea mwanzoni, anaingia kwenye yu-ii na deni. Wewe unalijua hili kuliko mimi: asiyepuliza salfa mikorosho inapotoa maua, atapuliza nini Oktoba?

Na wodini hakudanganyi. Miaka miwili ya kwanza anajifunza mwili ulivyo na unavyougua: anatomia, fiziolojia, biokemia, kisha vijidudu, dawa, na patholojia. Hapo darasa ni darasa, ukiacha chumba cha maiti. Kuna jaribio huko tuliliita spoti. Viungo vimepangwa mezani, kila kimoja kimechomekwa pini. Unasimama mbele ya pini, unaandika jina la mshipa ule, kengele inalia, unasogea kwenye nyingine. Harufu ya dawa ya kuhifadhia maiti ilikaa kwenye kanga zangu muhula mzima, nikafua mpaka nikachoka.

Kuanzia mwaka wa tatu, wodi ndiyo darasa. Wanazunguka kwa vikundi: wiki kadhaa magonjwa ya ndani, wiki kadhaa upasuaji, watoto, kisha uzazi na magonjwa ya wanawake. Mbele ya safari kuna macho, masikio na koo, magonjwa ya akili, mifupa, na afya ya jamii, halafu mwaka wa tano wanarudishwa kwenye yale makubwa manne, safari hii wakitakiwa kusema mgonjwa atibiweje, si kutaja ugonjwa tu. Asubuhi mwanao anamhoji mgonjwa aliyelazwa jana usiku, anampima, anaandika. Raundi ikifika anasimama miguuni pa kitanda na kueleza mbele ya daktari bingwa, wenzake na wagonjwa wengine wanaosikiliza kama redio. Akikosea anasahihishwa hapohapo, na si kwa upole kila siku. Ana kitabu cha kumbukumbu, logibuku, ambacho kila alichofanya kinatiwa sahihi: kushona kidonda, kuzalisha, kutoa maji ya uti wa mgongo. Logibuku ikiwa na mapengo, mtihani anaweza asiuone. Simu utaipigia wapi hapo?

Mitihani ya huko nayo ina sura yake. Maswali ya kuandika yapo, lakini hayatoshi. Katika vyuo vingi ukifaulu karatasi ukafeli upande wa mgonjwa, umefeli. Kuna mmoja unaitwa oski. Uliasisiwa Dundee, Uskoti, na Ronald Harden, aliyeuandikia mwaka 1975. Kabla yake bahati ilikuwa na mkono mrefu: mmoja anapewa mgonjwa mwepesi na mtahini mpole, mwenzake anapewa mgonjwa asiyeongea na mtahini aliyeamka vibaya. Kwenye oski wote wanapita vituo vilevile kwa dakika zilezile. Hapa pima presha, kule soma picha ya kifua, pale mweleze mama jinsi ya kumpa mtoto dawa. Mtahini ana orodha, anaweka alama ya vema kwa kila hatua. Kusalimia na kunawa mikono vimo kwenye orodha. Wapo waliofeli kituo kwa kutonawa.

Lakini kesi ndefu na kesi fupi, mitihani ya kumkagua mgonjwa halisi mbele ya watahini, bado zipo, na hapo ndipo mimi nilipoangukia. Ndiyo mzee wangu, na mimi nilikuwa na sapu. Upasuaji, mwaka wa tano, na chuo sikitaji. Nilipewa mzee mwenye maumivu ya tumbo, dakika chache, watahini wawili, mmoja katoka chuo kingine. Nilikuwa nimekariri ini na bandama mpaka naota. Mzee alinionyesha kwa kidole panapouma, upande wa kulia chini. Mimi, kwa haraka ya kuonyesha najua, nikaweka mkono palepale na kukandamiza, macho yangu kwenye tumbo. Mzee alinishika kifundo cha mkono akapiga kelele. Mtahini akaniambia inatosha, asante.

Unaanza mbali na panapouma. Na ukikandamiza tumbo unatazama uso wa mgonjwa. Nilikuwa nimelisoma hilo tangu mwaka wa tatu, na mkono ukanisaliti. Likizo ile niliimalizia wodini, nikikagua matumbo ya watu kwa idhini yao, jioni baada ya jioni. Nyumbani Newala nilimwambia mama kwamba chuo kinatuhitaji kwa kazi maalumu. Akajivunia, akawaambia majirani, na mimi nikaona haya mara mbili.

Wako kakupigia mwenyewe akasema ana sapu. Mimi sikuthubutu.

Jambo moja la kukuandaa. Siku ya joho usimuulize kapata daraja gani. Korosho yako ghalani inapimwa, ya daraja la kwanza huku na la pili kule, na mwalimu wa jirani naye atakuwa na daraja kwenye shahada yake. Shahada hii ya udaktari haitolewi kwa madaraja. Umefuzu au hujafuzu.

*Shikamoo dokta. Nimemaliza kidato cha sita, PCB, niko Lindi nasubiri matokeo. Fizikia haikunikalia vizuri. Kaka yangu anasema nisome stashahada ya utabibu kwanza, nitafikia udaktari kwa njia hiyo. Inawezekana? Au ni kupoteza miaka?*
*Msichana, Lindi*

Marahaba mwanangu. Subiri matokeo kwanza. Wengi mnajifelisha wenyewe Juni kwa masomo mliyofaulu. Anayetoka kidato cha sita anatakiwa awe na prinsipo, yaani ufaulu kamili wa somo, zote tatu: fizikia, kemia na baiolojia. Kiwango kamili kisome kwenye mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wa mwaka huu, usisome wa kaka yako.

Njia ya stashahada ipo, nami ndiyo niliyopita. Miaka mitatu ya utabibu, na vyuo huna haja ya kuvifuata mbali, Mtwara kipo na hapo Lindi kipo. Ila usiingie ukidhani ni mlango wa nyuma wa bure. Unahitaji wastani wa B, yaani GPA isiyopungua 3.0, na watarudi kukagua cheti chako cha kidato cha nne: hisabati na Kiingereza pia vinaangaliwa, si sayansi tu. Nimewaona matabibu hodari, wenye mikono ambayo ningewakabidhi mwanangu, wamekwamia kwenye F ya hisabati ya ujanani.

Kupoteza miaka? Piga hesabu: mitatu, mitano, na mmoja wa mazoezi. Tisa, bila kuhesabu uliyofanya kazi katikati. Mimi nilikuwa tabibu kwenye kituo cha afya, nikaenda chuo mwaka 2003, daraja la Mkapa pale Rufiji likiwa na miezi michache tu tangu lifunguliwe, basi letu likapita bila kusubiri kivuko na abiria wakapiga vigelegele. Mwaka wa kwanza waliotoka kidato cha sita walitutimulia vumbi. Kemia yao ilikuwa bado mbichi, mimi biokemia niliisoma nikilia. Mwaka wa tatu wodini mambo yakageuka. Wao waliogopa kumtoboa mtoto sindano, mimi nilikuwa nimeshazalisha kwa taa ya kandili.

Prinsipo tatu zikitimia, nenda moja kwa moja. Zisipotimia, kaka yako hakukosea.

*Dokta, nilimpeleka mjukuu wangu hospitali usiku, akaja kijana akasema yeye ni intani. Nikamwambia simtaki mwanafunzi, niitie daktari. Akanyamaza akatoka. Roho inanisuta.*
*Bibi, Mikindani*

Shikamoo bibi. Huyo si mwanafunzi. Intani ameshamaliza miaka yake mitano na shahada anayo. Baraza la Madaktari Tanganyika limempa usajili wa muda, na anafanya kazi miezi 12 chini ya wakubwa wake, akipitishwa idara moja hadi nyingine. Asipokamilisha hiyo, hapati usajili kamili.

Mwanafunzi ni mwingine. Huyo utamwona asubuhi kwenye raundi, yuko na wenzake, na anapaswa kujitambulisha kwamba anasoma na kukuomba ruhusa. Una haki ya kumkatalia, na mjukuu hatakosa matibabu kwa sababu hiyo.

Intani wa usiku ukimkatalia, aliye juu yake ataitwa, lakini huenda yuko chumba cha upasuaji. Mara nyingine mwache amwone mtoto, kisha muulize nani anamsimamia zamu hiyo na kama amemjulisha. Hilo halimkasirishi, kila siku anaulizwa na wakubwa zake.

Mjukuu anaendeleaje?