Jaji ameamuru nifukuzwe nchini nikiwa sipo. Kesi ndiyo imekwisha?

SWALI: Shikamoo wakili. Niko Marekani na niliomba hifadhi. Kikao cha kwanza katika mahakama ya uhamiaji nilihudhuria. Baadaye nilihama, nikabadilisha anwani kwenye tovuti ya USCIS, idara inayoshughulikia maombi ya uraia na uhamiaji. Wiki hii nimegundua kwamba miezi minne iliyopita jaji aliamuru niondolewe nchini kwa sababu sikufika kwenye kikao cha pili. Rafiki yangu ananishauri nikae kimya. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Kukaa kimya ndiko kutakakokumaliza, kwa sababu siku zinahesabiwa.

Sheria inakupa milango miwili ya kuomba amri hiyo ifutwe. Wa kwanza ni wa asiyepata taarifa ya kikao. Huo hauna ukomo wa muda. Wa pili ni wa aliyezuiwa na jambo zito lililo nje ya uwezo wake, kama ugonjwa mkubwa, kifo cha mzazi, mwenzi au mtoto, au ukatili. Huo hufungwa siku 180 baada ya amri. Wewe umebakiwa na takribani 60.

Ukinisimulia tu kwamba barua hukuiona, nitakuambia mlango wa kwanza ni wako. Ila hapo pana mtego ambao nimeona wengi wakinaswa nao. USCIS iko chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani. Mahakama za uhamiaji ziko chini ya Wizara ya Sheria. Kuiambia moja si kuiambia nyingine. Mahakama ina fomu yake, EOIR-33, ya kujazwa ndani ya siku 5 tangu kuhama. Kama uliambiwa wajibu huo na hukuijaza, barua iliyopelekwa nyumba ya zamani huhesabiwa kuwa imekufikia, hata kama aliyeipokea ni mpangaji mpya.

Kwa hiyo kwanza omba jalada lako lote mahakamani, pamoja na rekodi ya sauti ya kikao cha kwanza. Tunatafuta mambo haya: taarifa ilitumwa wapi, ilirudi posta au la, na je, ulionywa kuhusu anwani na madhara ya kutofika kwa lugha unayoielewa? Onyo hilo lina uzito wa pekee. Kama lilitolewa ipasavyo, amri ikibaki hutapata baadhi ya nafuu kwa miaka 10, ikiwemo jaji kukupa grini kadi kupitia ndoa.

Usikimbilie kuandika ombi mwenyewe usiku huu. Sheria inaruhusu ombi moja tu la aina hii. Likikataliwa kwa kuandikwa vibaya, umeshalitumia. Serikali haikulipii wakili, lakini mahakama ina orodha ya mawakili wa kujitolea, iombe. Mthibitishaji wa hati dukani si wakili, hata akikuonyesha mihuri kumi.

Jambo moja litakalokupunguzia hofu: ombi likishapokelewa, sheria yenyewe inasimamisha kuondolewa kwako hadi jaji aliamue. Haihitaji ombi jingine. Nakala yenye mhuri wa kupokelewa tembea nayo, na nyingine mwachie mtu wa nyumbani. Na EOIR-33 ijaze leo.