Fedha "zilizokamatwa" au "zilizotaifishwa"?

SWALI: Natafsiri taarifa za halmashauri ya mji mmoja wa Marekani kwa ajili ya wasemaji wa Kiswahili wanaoishi huko. Nimeandika: "Polisi wamenunua magari kwa fedha zilizokamatwa kwa wahalifu." Mwenzangu anataka niandike "zilizotaifishwa". Nani yuko sawa? Na je, tuseme "mali iliyotaifishwa" au "mali zilizotaifishwa"?

JIBU: Mwenzako yuko sawa. Sentensi yako, kama ilivyo, inawatuhumu polisi wizi.

Kukamata ni kazi ya askari papo kwa papo. Mali inatoka mikononi mwa mtu, lakini bado ni yake hadi sheria iseme vingine. Inatunzwa kituoni kama kidhibiti, mahakama ikiipokea inakuwa kielelezo, na mwishowe mwenyewe anaweza kurudishiwa. Kushikilia kuna maana hiyohiyo ila kunadokeza muda ("gari linashikiliwa kituoni"), na kuzuia kunafaa zaidi kwa akaunti za benki na nyumba, vitu visivyobebeka. Fedha iliyo katika hatua hizo si ya kununulia gari la doria.

Kinachohamisha umiliki ni kutaifisha. Watanzania walilizoea neno hili tangu Azimio la Arusha la 1967, benki zilipofanywa mali ya umma, na hapo hapakuwa na mhalifu yeyote. Leo mahakama hulitumia pia kwa mali itokanayo na uhalifu. Magazeti ya Kenya hupenda kutwaa, nalo si kosa, ila kutwaa husemwa pia kwa shamba linalochukuliwa kupisha barabara, ambako mwenyewe hulipwa fidia. Kwa sababu hiyo ningebaki na kutaifisha. Kufilisi kuache kabisa, maana mufilisi ni mtu aliyeshindwa kulipa madeni. Kunyang'anya nako kusikaribie taarifa ya serikali: unyang'anyi ni jina la kosa la jinai.

Huenda mtu akakupinga kwamba kutaifisha kumebeba "taifa", na fedha hii imeishia kwa polisi wa mji. Mwonyeshe njia iliyopita. Katika utaratibu ulioanza kwa sheria ya 1984, mali huwa kwanza ya serikali kuu ya Marekani, kisha idara ya polisi ya mji au kaunti iliyoshiriki upelelezi hupewa sehemu, hadi asilimia 80. Taifa limo. Sehemu hiyo iite mgawo, na useme polisi "wamegawiwa". Ukiandika "wamegawana", msomaji ataona watu wanaogawana ngawira. Hata hivyo majimbo yana sheria zao, na zinatofautiana sana. Huko New Mexico, tangu 2015, fedha ya namna hii inaingia mfuko mkuu wa jimbo na polisi hawapati mgawo wake. Kabla ya kutafsiri, uliza fedha imepitia sheria ipi.

Neno linalonisumbua zaidi katika sentensi yako ni "wahalifu". Sehemu kubwa ya utaifishaji wa Marekani hufanywa kwa shauri la madai, na anayeshtakiwa ni kitu chenyewe. Mwaka 2006 mahakama ya rufaa iliamua shauri la Marekani dhidi ya dola 124,700, fedha iliyokutwa katika gari la kukodi jimboni Nebraska. Serikali ilishinda, na dereva aliyekuwa na fedha hiyo hakuwa ameshtakiwa kwa biashara ya dawa za kulevya. Katika mashauri ya aina hii, sheria ya 2000 inaitaka serikali kuu ionyeshe tu kwamba yumkini kubwa mali inahusiana na uhalifu. Haiilazimu kuondoa shaka yote kama katika jinai. Kumwita mwenye mali mhalifu ni kumhukumu kwa kalamu yako. Andika "mali inayohusishwa na uhalifu".

Angalia pia "alikamatwa na dola 8,000". Msomaji ataelewa kwamba mtu huyo aliwekwa ndani, ilhali mara nyingi yeye huachwa aende zake na fedha ikabaki kwa askari. Tena ukiondoa tarakimu, "alikamatwa na dola" humaanisha amekamatwa na serikali! Kauli ya kutendewa inaondoa utata wote: "alikamatiwa fedha zake, dola 8,000". Vivyo hivyo "ametaifishiwa gari", kwa maana gari ndilo lililotaifishwa na yeye ndiye aliyelipoteza.

Kuhusu matumizi, kanuni za serikali kuu zinadai mgawo uwe nyongeza ya bajeti ya polisi na si mbadala wake. Usitumie "kufidia bajeti" wala "kuziba pengo", kwa sababu hicho ndicho kilichokatazwa: mji kupunguza fungu la polisi kwa kuwa mgawo umeingia. Tofautisha pia mishahara na malipo ya saa za ziada. Mishahara ya askari walioko kazini kwa kawaida hailipwi kwa fedha hii, saa za ziada huruhusiwa, pamoja na mafunzo na vifaa. Ukiyaita yote "malipo ya askari", umeandika kwamba idara imevunja kanuni.

Basi sentensi yako iwe: "Idara ya polisi ya mji imenunua magari kwa mgawo wake wa fedha zilizotaifishwa kwa kuhusishwa na uhalifu." Ni ndefu kuliko ya kwanza, na urefu huo unahitajika.

Kuhusu mali, umoja na wingi vyote ni sahihi. "Mali iliyotaifishwa" ni utajiri kwa ujumla wake. "Mali zilizotaifishwa" ni vitu vinavyohesabika, kama nyumba mbili na pikipiki. Orodha ikifuata, tumia zi-. Fedha nayo: "fedha iliyokutwa" ni furushi moja, "fedha zilizotaifishwa" ni mafungu mbalimbali. Ukishachagua, usibadilishe ndani ya aya moja.