Jumapili yako huharibika tangu Alhamisi

Kuna ujumbe umeingia wiki hii kutoka kwa mama wa watoto watatu. Ameajiriwa, anaimba kwaya, ni katibu wa kikundi cha akina mama kanisani, na Jumapili saa 5 usiku bado amesimama anapiga pasi sare zenye unyevu huku nyumba nzima imelala. Anauliza aache lipi. Dada yangu, usiache lolote kabla hujapiga hesabu.

Wiki ina saa 168. Ukilala saa 7 kila usiku, hizo ni 49. Kazi ya saa 9 kwa siku, pamoja na saa 2 za kwenda na kurudi, kwa siku 5 inakula 55. Kuoga, kuvaa na kula ni saa 2 kwa siku, yaani 14. Kupika, kufua, kusafisha na kununua mahitaji, weka 15. Kanisani weka 10. Zimebaki 25, na hapo ndipo watu wanapojidanganya, maana saa hizo hazikusambaa sawasawa. Kama saa 10 za kazi za nyumbani umezifanya kati ya Jumatatu na Ijumaa, na mazoezi ya kwaya na kikundi vikachukua jioni mbili, siku hizo tano zinakuachia saa 4 tu. Saa 21 zilizobaki zote zimo Jumamosi na Jumapili. Sasa rundika kazi zote za nyumbani Jumamosi, kama wengi wanavyofanya: zile 21 zinageuka 11. Watoto wako wanaishi ndani ya hizo saa 10 ulizozifulia nguo.

Kwa hiyo lengo ni moja, kuitoa kazi mwishoni mwa wiki na kuirudisha katikati, kidogo kidogo.

Anza na kikao cha dakika 15 Alhamisi jioni, baada ya kula, mezani palepale. Karatasi moja, safu 7, kuanzia Ijumaa. Kila mtu, hata mtoto wa miaka 6, anataja alichonacho: mtihani, zamu, mazoezi, mwaliko. Kisha maswali mawili kwa kila jambo: nani anampeleka nani, na kinahitajika nini, nguo, fedha au zawadi. Wengi hufanya kikao cha namna hii Jumapili usiku, nami naona ni kuchelewa. Mtoto akikumbuka Jumapili usiku kwamba kesho anatakiwa daftari jipya, hakuna utakalofanya. Akilisema Alhamisi, una Ijumaa nzima na Jumamosi asubuhi.

Kwenye karatasi hiyo andika muda wa mlango kwa mlango. Ibada inayochukua saa 2 haianzi wala kuisha jinsi tangazo linavyosema. Kuwavalisha watoto dakika 40, njiani 30, ibada yenyewe 120, salamu pale nje 20, kurudi 30. Hizo ni dakika 240, saa 4 kamili. Anayeandika "ibada, saa 2" huahidi kufika mahali pengine wakati bado ana kiatu kimoja cha mtoto mkononi, halafu siku nzima anakimbizana na deni hilo.

Tuje kwenye sare, maana hapo ndipo usiku wa Jumapili unapopotelea. Kosa ni kuzifua Jumamosi mchana au Jumapili baada ya ibada. Kola, mikanda ya suruali na mishono ya mifuko ina tabaka kadhaa za kitambaa, hukauka mwisho kabisa. Ukishika mgongo wa shati utasema limekauka, kumbe kola bado. Ukilipiga pasi hivyo, joto linakausha juu, unyevu unabaki ndani, na asubuhi shati linanuka. Mtoto akirudi Ijumaa, sare ivuliwe mlangoni na kulowekwa papo hapo dakika 30, kola zisuguliwe kwa sabuni kabla ya kingine chochote, ifuliwe usiku uleule. Ianikwe ikiwa imegeuzwa nje ndani ili jua lisipaushe rangi, na ining'inizwe kwenye henga, maana mabega hujinyoosha yenyewe na pasi inapungua nusu. Nguo za ibada zipigwe pasi Ijumaa au Jumamosi asubuhi, zote kwa mkupuo mmoja, kuanzia zinazotaka joto dogo kwenda kubwa. Pasi hupata moto haraka lakini hupoa polepole. Ukianza na pamba nzito ukarudi kwenye hariri, utaiunguza.

Chakula cha Jumapili nacho kisisubiri mtoke kanisani na njaa. Kinachokaa motoni muda mrefu kipikwe Jumamosi. Ila kisiachwe kwenye sufuria kubwa kupoa usiku kucha: pembeni hupoa, katikati hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, na vuguvugu ndilo joto wanalolipenda bakteria. Kigawe kwenye vyombo vipana vya kina kifupi, kiingie kwenye friji ndani ya saa 2, na siku ya pili kipashwe mpaka kichemke kabisa, kisiishie kwenye moto wa kupasha midomo tu. Kama huna friji, andaa malighafi tu: menya, chambua, pima, kisha pika Jumapili yenyewe.

Kazini, dakika 30 za mwisho za Ijumaa zitoe sadaka. Andika mambo matatu ya Jumatatu, kila moja likianza na kitendo: "mpigie mteja kuhusu ankara", si "ankara". Jambo lisiloandikwa hukufuata mpaka kwenye benchi la kanisa. Kundi la kazini kwenye simu lizimwe sauti mpaka Jumatatu. Wenye zamu za mwishoni mwa wiki, na wanaoabudu Jumamosi, wasogeze siku tu. Utaratibu ni uleule.

Raha ipangiwe saa kama ibada inavyopangiwa. Jambo moja kubwa kwa kila mwisho wa wiki, si matatu. Jumamosi saa 4 asubuhi mpaka saa 10 alasiri inatosha, na saa 12 jioni muwe nyumbani. Kwa watoto wadogo saa 3 ni nyingi. Baada ya hapo wanalia, nanyi mnawagombeza mahali mlipowaleta wafurahi. Anayekesha Jumamosi kisha akalala Jumapili mpaka mchana, usiku wake hautakuja na usingizi, maana mwili hupanga saa zake kwa muda wa kuamka na mwanga wa asubuhi. Tofauti ya kuamka kati ya siku za kazi na za mapumziko isizidi saa 1. Ukichoka, jilaze dakika 20 kabla ya saa 9 alasiri na utege kengele; ukipitiliza mpaka usingizi mzito, utaamka na kichwa kizito kuliko ulivyolala. Kahawa iishie saa 8 mchana, kwa sababu saa 5 au 6 baadaye karibu nusu ya nguvu yake ingali mwilini.

Na hapa niseme na akina baba. Matembezi ya familia ambayo mkeo ameamka saa 11 alfajiri kuyapikia, akafunga mizigo, akavalisha watoto, kisha jioni akarudi kuosha vyombo vyake, hayo umetembea wewe. Gawaneni: anayefunga mizigo asiifungue, anayepika asioshe. Ni haki yake, na msisubiri aumwe ndipo mmpe.

Kuhusu huduma kanisani, kipimo ni jukumu moja la kila wiki na moja la kila mwezi. La tatu likija, moja litoke. Musa alikuwa anaamua kesi za watu tangu asubuhi hadi jioni mpaka mkwewe Yethro alipomwambia wazi kwamba atajichosha, ateue wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Kwa hiyo kukabidhi ukatibu si kukimbia huduma. Usitoweke kimyakimya, kwaya haijengwi hivyo. Tuma ujumbe wenye tarehe: "Bwana asifiwe, mwalimu. Mwezi huu na ujao nitakuwepo mazoezi ya Jumatano pekee, Ijumaa sitaweza. Nyimbo nitajifunza kwa rekodi nyumbani." Mwalimu akijua mapema, sauti yako ataipangia. Usipomwambia atakuhesabu, na siku ya kuimba pengo litasikika.

Zipo wiki zitakazovunjika hata ukipanga vipi: mtoto ana homa, kazini kuna ukaguzi, kuna msiba. Hapo punguza kwa mpangilio. Kwanza pasi, nguo zikunjwe tu. Kisha mapishi makubwa. Kisha vikao vya kanisani, ukituma taarifa. Matembezi yageuke saa moja ya kucheza nje ya nyumba. Usingizi na kikao cha Alhamisi visiguswe, hata kama kikao kitakuwa cha dakika 5 mmesimama jikoni. Na nguo zitakazobaki kwenye beseni zibadilishiwe maji zisinuke, zisubiri Jumanne.